Kamba wekundu na joto la Januari

Mkuu, umeuliza kama utumbukize chupa ya barafu kwenye tangi lako la lita 20 la kufugia kamba wa mapambo, maana wanakufa mmoja mmoja mchana. Barafu achana nayo. Maji hayo ni machache, joto litashuka ghafla, ikiyeyuka linapanda tena, na kupandishwa na kushushwa huko kunawachosha kamba kuliko nyuzi 28 zilizotulia.

Mimi niko Mbagala, nyumba ya bati bila dari. Saa tisa alasiri kipimajoto cha tangi kilikuwa kinasoma 32. Nikalitoa tangi dirishani, nikaliweka sakafuni kwenye kona. Kifuniko nikakitoa, nikaweka wavu wa dirisha (paka wa jirani ana mazoea). Halafu feni ndogo ya kompyuta, ya volti 12, nikaifunga ubavuni ipulize juu ya maji. Joto likashuka mpaka 28. Siku za unyevu mwingi linagoma kwenye 29, maana kinachopoza maji ni mvuke unaotoka, na hewa ikishiba maji, hautoki upesi.

Feni hiyo itakumalizia maji. Usijazie ya kisima: kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki, nawe unaiongezea nyingine. Mimi nakinga ya mvua, naongeza nusu glasi kila jioni.

Pampu ya hewa usiizime usiku, maji yenye joto hushika oksijeni kidogo. Umeme ukikatika, feni naihamishia kwenye betri ya sola. Taa ya tangi yako ni ya aina gani? Kama inaunguza ukiigusa, anza na hiyo.