Ukimsafirisha mzazi kupitia KIA

Familia nyingi za Moshi na Arusha bado zinamkatia mzazi tiketi ya kuanzia Dar es Salaam kwa sababu bei imeonekana nafuu kidogo. Kama mzazi wako ni mtu mzima na anakwenda kuwaona wajukuu nje kwa mara ya kwanza, mwanzishie safari KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, hata kama utaongeza hela. Basi la Dar ni kutwa nzima barabarani, na akishuka bado foleni za jiji zinamsubiri. Anapanda ndege akiwa ameshachoka.

KIA ni uwanja mdogo, na kwa mzee huo ndio uzuri wake. Umekuwepo tangu 1971, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.6 hivi, kwa hiyo ndege kubwa zinatua bila shida. Mama anapanda hapo hapo nyumbani akielekea Addis Ababa, Doha au Amsterdam. Ndani hakuna umbali wa kumchosha wala kona za kumpoteza, na tangu ukarabati uliokamilika 2017 pamekuwa na nafasi zaidi.

Soma tiketi vizuri. JRO ndiyo KIA. ARK ni uwanja wa Kisongo, upande wa pili wa Arusha, wanakopandia ndege ndogo za Serengeti na Zanzibar. Ukimpeleka siko, mtalazimika kuuvuka mji mzima.

Kutoka Arusha ni kama kilomita 50, na usizihesabu kwa kasi ya gari lako. Njia nne zinaishia Tengeru. Kuanzia Usa River, Maji ya Chai hadi Kikatiti mnafuatana nyuma ya malori, na kwenye makazi mwendo ni 50. Desemba, tunapopanda Uchagani kwa ajili ya Krismasi, ongeza saa nzima. Coaster za Moshi zinakushusha njia panda tu, na kutoka pale hadi uwanjani utahitaji boda au teksi. Kwa mzee mwenye mabegi, kodi gari kutoka nyumbani na mpatane bei kabla hajapanda.

Sasa nije kwenye jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza: kiti cha magurudumu. Kiombe unapokata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari. Hakilipiwi. Usingoje mzazi awe mgonjwa. Shangazi yangu anakwenda shambani kwa miguu kila siku, na nilipomwambia nimemwombea kiti akakataa kabisa.

"Mwanangu, watasema sijiwezi."

"Shangazi, yule anayekusukuma ndiye mwenyeji wako. Anajua njia, wewe huijui."

Akakubali. KIA angeweza kutembea mwenyewe, lakini Doha ni mji mzima ndani ya jengo, mabango ni Kiarabu na Kiingereza, naye anajua Kichaga na Kiswahili tu. Kijana mmoja alimpokea mlangoni mwa ndege, akampitisha kwenye ukaguzi, akamfikisha hadi ndege ya pili. Alipotupigia simu kutoka kwa binti yake, habari ilikuwa ya kijana huyo tu.

Mwandikie pia karatasi ya kukaa pamoja na pasi yake: jina, namba za ndege zote mbili, simu ya atakayempokea na dawa anazotumia, kwa Kiingereza. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari. Zisiende kwenye begi kubwa hata siku moja.

Halafu zawadi, maana hapo ndipo wazazi wetu hawashauriki. Kama anakwenda nchi za Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa ya aina yoyote visifungwe, hata mtindi wa nyumbani. Ndizi, nanasi na nazi zinaruhusiwa bila karatasi. Parachichi na embe zinahitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo mwambie mapema, kabla hajamwagiza mtu Machame. Asali ni kimiminika, iende kwenye begi kubwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, fungia vitu kwenye vitambaa. Pimeni mabegi nyumbani. Mizani ya duka la nafaka inatosha kabisa.

Mkishaagana mlangoni, usiwashe gari. Kaa hapo nje hadi akupigie kwamba mabegi yamepokelewa na kadi ya kupandia ndege anayo mkononi. Kilo zikizidi, lazima awepo mtu wa kurudi na unga nyumbani.