Ukuta wa mawe unaotoa chumvi: tatizo ni saruji

SWALI: Tunakarabati nyumba ya mawe ya karne ya 18 huko Dordogne, Ufaransa, ili tupokee wageni wa mafunzo ya upishi na mapumziko ya afya. Kuta za jikoni, zenye unene wa sentimita 60, zilipigwa lipu ya saruji. Rangi inabanduka na chumvi nyeupe imepanda hadi mita moja. Muuzaji anatushauri tupake dawa ya kuzuia maji. Tuipake?

JIBU: Msiipake. Kuta za umri huo hazina kizuizi cha maji chini yake. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na zamani ulipumulia kwenye viungo vya chokaa kati ya mawe. Saruji imeziba viungo, kwa hiyo maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea; dawa itayapandisha tena. Aliyeona nyumba za matumbawe za Zanzibar zilizopigwa saruji anaujua ugonjwa huu.

Anzeni nje. Tengenezeni mifereji ya paa, kisha shusheni udongo ulioegemea ukuta uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hadi 20. Msichimbe mtaro unaogusana na ukuta, maana misingi ya zamani ni mifupi na ukuta unaweza kutitia.

Lipu ibanduliwe kwa tindo na nyundo. Mashine ya umeme hupasua jiwe laini. Chokoeni viungo sentimita 2 au 3. Chumvi ifagieni ikiwa kavu, kwani mkiiosha inarudi ndani. Halafu subirini, angalau majira mazima ya joto. Wengi huharibu kazi hapa kwa haraka.

Nunueni chokaa ya NHL (chokaa ya asili inayoganda kwa maji; namba huonyesha ugumu wake) 2 au 3.5, NHL 5 ni ngumu mno kwa jiwe hilo. Mfuko ulioandikwa HL bila N unaweza kuwa na saruji. Lowesheni ukuta siku moja kabla ya kupiga lipu mpya. Tabaka la kwanza hurushwa kwa mwiko, milimita 5, chokaa 1 kwa mchanga 2. La pili milimita 15, 1 kwa 2.5. La mwisho milimita 5, 1 kwa 3. Msipige lipu chini ya nyuzi 5 wala juu ya 30, na nyunyizieni maji siku kadhaa. Chokaa iliyokaushwa na jua kabla ya kuiva hugeuka vumbi.

Juu yake pakeni rangi ya chokaa, si ya plastiki. Mvuke wa majiko utolewe nje kwa feni. Chumba cha mvuke cha wageni kijengeni peke yake, mbali na ukuta huo.