Maswali ya Wasomaji: Miji ya Marekani na Vita vya Kupata Timu ya Soka

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anaishi Nashville, Marekani, na ameniambia kwamba jiji lao lilikopa fedha nyingi ili lipate timu ya soka. Huku kwetu timu hupanda daraja kwa kushinda mechi. Inakuwaje jiji zima liombe kupewa timu, tena liahidi uwanja? – Msomaji wa Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, chanzo ni muundo wa ligi yao kuu, MLS, ambayo haina kupanda wala kushuka daraja. Wamiliki wa timu ni wabia katika kampuni moja, ambayo ndiyo ligi yenyewe, na anayetaka kuleta timu mpya hana budi kununua nafasi katika ubia huo, kwa bei na wakati utakaoamuliwa na waliomo. Ligi ikitoa nafasi chache kuliko waombaji, bei hupaa. Toronto ya Kanada, iliyoanza kucheza mwaka 2007, iliingia kwa dola milioni 10; Charlotte iliyokubaliwa mwaka 2019 ililipiwa dola milioni 325, na San Diego mwaka 2023 dola milioni 500.

Ada hiyo hulipwa na mwekezaji, si na jiji. Jiji huingizwa kwa sababu ligi humtaka mwombaji aonyeshe mpango wa uwanja unaofaa, na hapo mwekezaji hubisha hodi kwa meya akitaka ardhi, barabara, nafuu ya kodi au mkopo. Januari 2017 makundi 12 ya wawekezaji kutoka miji mbalimbali yalipeleka maombi, ilhali nafasi zilizotangazwa zilikuwa nne tu. Katika mazungumzo ya namna hiyo mwekezaji ndiye aliyeshika mpini, kwa kuwa kila meya anajua kuna mji mwingine unaosubiri nyuma yake.

Nashville anakoishi mdogo wako ni mfano mzuri. Novemba 2017 baraza la jiji liliidhinisha hati fungani za dola milioni 225 kwa ajili ya uwanja katika eneo la maonyesho, na mwezi uliofuata ligi ikatangaza kwamba jiji limepata timu. Deni hilo lilipangwa lilipwe hasa kwa kodi ya pango inayotoka kwa timu, pamoja na makato ya tiketi na kodi ya mauzo yanayofanyika uwanjani. Kilicholeta mzozo zaidi, kwa maoni yangu kwa haki kabisa, kilikuwa ekari 10 za ardhi ya umma kando ya uwanja, ambazo wawekezaji walikubaliwa kuziendeleza kibiashara, mahali ambapo kwa miaka mingi kumekuwa na soko la kila mwezi na mashindano ya magari. Meya mpya, John Cooper, aliyechaguliwa mwaka 2019, alizuia kazi isianze hadi masharti yaangaliwe upya, na Februari 2020 wamiliki wa timu walikubali kubeba gharama ambazo awali zingeliangukia jiji. Uwanja, wenye nafasi za watazamaji 30,000, ulifunguliwa Mei 2022. Ligi haikuinyang'anya Nashville timu kwa sababu meya alikuwa mgumu, jambo ambalo madiwani wa kwingineko wangefaa kulizingatia kabla hawajatia saini kwa pupa.

SWALI: Je, wananchi huulizwa? Na wakikataa, timu huenda kwingine moja kwa moja? – Msomaji wa Nairobi

JIBU: Wakati mwingine huulizwa. Aprili 2017 wapiga kura wa St. Louis waliletewa maswali mawili siku moja. Walikubali kuongeza kodi ya mauzo, ambayo kwa sehemu kubwa ilikusudiwa upanuzi wa reli ya mjini, lakini wakakataa kutoa dola milioni 60 kwa ajili ya uwanja wa soka. Wengi walidhani safari imeishia hapo. Hata hivyo, Agosti 2019 ligi iliipa St. Louis timu, safari hii chini ya familia ya Taylor, matajiri wa biashara ya kukodisha magari, waliojenga uwanja hasa kwa fedha zao, ingawa walipata nafuu kadhaa za kodi. Timu ilianza mwaka 2023 na ikaongoza kundi la magharibi katika msimu wake wa kwanza wa kawaida. Kwa hiyo kura ya hapana haikuufukuza mpira. Ilimwondoa mwekezaji aliyetaka fedha za umma, akaja mwingine mwenye mfuko mpana zaidi.

SWALI: Na jiji likishakubaliwa, limepata timu kwa hakika? – Msomaji yuleyule

JIBU: Hapana. Sacramento ilitangazwa Oktoba 2019 kwa shangwe kubwa, lakini Februari 2021 mwekezaji wake mkuu, Ron Burkle, alijitoa, na mpango ukaporomoka. Hata timu iliyokwisha kuzoeleka yaweza kutishiwa kuhamishwa. Mwaka 2017 mmiliki wa Columbus Crew, timu ya jiji la Columbus katika jimbo la Ohio, alitangaza kuwa huenda akaihamishia Austin, jimbo la Texas. Mashabiki wakaandamana, na jimbo hilo la Ohio likafungua kesi kwa sheria ya mwaka 1996 inayoibana timu iliyonufaika na fedha za umma isihame bila kutoa notisi na kuwapa wenyeji nafasi ya kuinunua. Wanunuzi wenyeji walipatikana, Crew ikabaki, na Austin ikapewa timu yake mpya.