Mende wa mama supu walikuwa wangu

Mhariri, swali lenu la wiki ni hili: "Uko mgahawani, chakula kimeshaletwa, mende anakatiza mezani. Utaendelea kula au utaondoka?" Nimelisoma asubuhi kwenye daladala na mpaka usiku huu halijanitoka. Jibu nilikuwa nalo tayari, la neno moja: naondoka. Anayeuza chakula anachukua pesa ya mtu na afya yake kwa mkono mmoja, na mende anayetembea mezani lazima ametoka mahali.

Nilipofika hapo kwenye "ametoka mahali" nikakumbuka Sinza, Dar es Salaam.

Mwaka 2017 nilikuwa nimepanga huko, nyumba ya vyumba vitano na fremu moja mbele. Nyumba hizo mnazijua: korido moja, choo na bafu uani, kila mtu na jiko lake la gesi karibu na mlango, baba mwenye nyumba anaonekana siku ya kodi tu. Fremu alikuwa nayo mama mmoja wa Pemba, anauza supu na chapati asubuhi, wali mchana. Wote tulimwita mama supu. Saa kumi alfajiri ulimsikia akichota maji.

Mwezi wa nne, mvua zilipokolea, mende wakaanza. Si yule mkubwa mwekundu wa kwenye chemba, anayeruka joto likizidi. Hawa walikuwa wadogo, rangi ya chai ya maziwa, na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Ukifungua kabati wanatawanyika pembeni. Ukiinua kopo la sukari, mmoja yuko chini yake. Mwanangu alikuwa na miaka sita na ana pumu, na usiku kifua kikaanza kumbana kuliko kawaida. Wakati ule sikujua kwamba kinyesi cha mende na magamba yake huamsha pumu. Baadaye nilisoma utafiti wa Marekani uliochapishwa 1997, wa watoto wenye pumu katika miji minane: wenye mzio wa mende waliokuwa wakilala kwenye vyumba vyenye mende wengi ndio waliolazwa hospitali mara nyingi zaidi. Mimi nilichokijua ni kwamba mtoto halali, na nilijua wa kumlaumu. Nani mwingine, kama si anayepika masufuria manne kila siku?

Nilimwambia Jumapili, uani, mbele ya wapangaji wote. Nikamwambia asafishe fremu yake au ahame, anatuletea uchafu ndani. Hakupandisha sauti. Alijifuta mikono kwenye kanga akasema, "Mwanangu, hao makombamwiko na mimi nawaona. Njoo utazame jikoni kwangu." Kwao mende ni kombamwiko, mdudu anayekomba mwiko. Sikwenda. Wateja wake wawili walikuwa wamesimama pembeni ya ukuta wakingoja mabaki, wakasikia kila neno. Wiki iliyofuata benchi lake la nje lilikuwa na nafasi saa tatu asubuhi, na hilo sikuwahi kuliona tangu nihamie pale.

Mimi nikanunua dawa kwa mchuuzi, iko kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina wala karatasi. Nikapuliza chumba kizima, mtoto nikamtoa nje kwa muda wa saa mbili tu. Jioni nikazoa mende wafu kizoleo kizima, nikaona nimeshinda. Mtoto alikohoa mpaka alfajiri. Asubuhi dada wa chumba cha pili akagonga: mende wamehamia kwake, wanatokea juu ya dari na chini ya mlango. Wiki tatu baadaye walikuwa wamerudi kwangu, safari hii wadogo kama punje za ufuta. Jike la hawa mende hubeba kifuko cha mayai nyuma ya tumbo mpaka yakaribie kuanguliwa, mayai 30 hadi 40 kwa kifuko kimoja, na dawa ya kupuliza haiwafikii vizuri walio humo ndani. Haipiti miezi mitatu, wale wa ufuta nao ni wazazi.

Kilichonifumbua macho ni friji. Nilikuwa nimeinunua mwezi wa pili, ya mtumba, na sasa ilikuwa haigandishi. Fundi akaivuta kutoka ukutani, akafungua skrubu za bati la nyuma, chini kule kwenye kompresa, akarudi hatua moja. Nikachungulia na tochi ya simu. Harufu ilikuwa nzito, kama ya mafuta yaliyochacha. Bati lote kwa ndani limejaa vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Vifuko vitupu vya mayai vimegandia kwenye nyaya. Na mende wenyewe wamebanana juu ya kompresa, pale penye joto, hawana hata haraka ya kukimbia, vipapasio vyao tu vinacheza. Kwenye raba ya mlango kila mkunjo ulikuwa na watoto. Fundi akaniuliza friji nimeinunua wapi. Nikamtajia. "Imekuja nao, dada," akasema. "Hawa hawajaanza mwezi huu."

Nikakaa kitandani. Mwezi wa pili friji, mwezi wa nne mende nyumba nzima.

Huyu mdogo kwa wataalamu ni mende wa Kijerumani, jina alilopewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeainisha viumbe, mwaka 1767. Lakini mwaka 2024 watafiti waliochunguza vinasaba vyake walionyesha kwamba chanzo chake ni Asia ya Kusini, yapata miaka 2,100 iliyopita, na ameenea duniani kwa kusafiri na watu na mizigo yao. Porini huwezi kumkuta. Anakuja kwenye trei ya mayai, kwenye kreti ya soda, kwenye boksi la mafuta, kwenye redio ya kurithi. Kwangu alikuja juu ya kirikuu, amefungwa kamba, na nilimlipia usafiri.

Usiku ule ndipo nilipoingia jikoni kwa mama supu kwa mara ya kwanza. Unga na mchele viko kwenye ndoo zenye vifuniko. Taka zimeshatolewa. Masufuria yamefudikizwa makavu, na sinki limekaushwa kwa kitambaa kabla ya kufunga, kwa sababu, aliniambia, kombamwiko akikosa chakula atavumilia wiki kadhaa, lakini akikosa maji hafiki mbali. Chini ya meza ametandaza karatasi za gundi kando ya kuta zote. Za upande wa barabarani zilikuwa tupu. Za ukuta unaopakana na korido yetu zilikuwa na mende kumi na kitu. Hicho ndicho alichotaka nikione siku ile aliponiita.

Nilimwomba radhi. Aliipokea, akanimiminia chai. Lakini lawama niliitoa mbele ya uani mzima na wateja wake, na radhi niliiomba tukiwa wawili, mlango umefungwa. Wale wateja wawili sikuwatafuta. Mpaka leo hilo sijalirekebisha, Mhariri, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Yeye ndiye aliyeiokoa nyumba. Alimleta kijana anayefanya kazi hiyo kwenye mahoteli ya mjini, na kijana akatoa sharti moja: vyumba vyote na fremu, siku moja, au asianze kabisa. Tukachanga shilingi 10,000 kila mmoja, sita tukapata 60,000. Mwanafunzi wa chumba cha nne alikuwa kwao Mbeya na funguo zake, tukamngoja siku tisa. Hakupuliza chochote. Alikuja na jeli kwenye sindano ya plastiki, akadondosha vitone vidogo kama punje za mtama kwenye bawaba za makabati, nyuma ya friji, chini ya meza, kwenye mashimo ya bomba. Akatukataza kupuliza dawa nyingine wala kufutia sabuni kali palipo na vitone, kwa sababu mende hatakula mahali panaponuka sumu. Anayekula anarudi kufia kwenye ufa, wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake, na wao wanakufa. Alirudi baada ya wiki mbili na jeli ya aina nyingine. Niliona kama anatuongezea gharama. Baadaye nilisoma kwamba Marekani walipatikana mende wanaokataa chambo chenye glukosi, jambo lililoelezwa mwaka 1993, na mwaka 2013 ikaonekana kwamba kwa mende hao glukosi ina ladha ya uchungu. Kwa hiyo jeli ile ile miaka nenda miaka rudi huzaa mende wasioigusa. Kijana alikuwa anaijua kazi yake. Mwezi wa saba tulikuwa hatumwoni hata mmoja, na mwanangu alilala usiku kucha.

Sasa nirudi kwenye swali lenu, maana nimelikimbia. Nilianza na "naondoka" na sasa siwezi kuliandika hivyo. Mteja akipiga kelele mezani, mwenye mgahawa hatafuti mende wametoka wapi. Anafanya nilivyofanya mimi, anatafuta chupa isiyo na jina, anapuliza usiku juu ya rafu za vyombo, na kesho yake mnakula sumu badala ya mende. Anayetaka dawa aulize iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na yenye maandishi; kosa langu lile silirudii.

Ila siwezi pia kusema kaa ule tu. Yule mkubwa mmoja mwekundu huenda amepanda kutoka kwenye bomba la chini, na jikoni pakawa pasafi. Mwenye mgahawa anahitaji wavu wa bomba na kifuniko cha chemba kinachoziba. Hawa wadogo ni jambo jingine. Ni viumbe vya usiku, na ukiwaona mchana kweupe maana yake nyufa zimejaa na hakuna tena pa kujificha. Hapo hata kama friji ni ya jirani, chakula changu kimeshapita mahali wanapotembea, na nina mtoto mwenye pumu nyumbani.

Basi andikeni hivi. Nikimwona mkubwa mmoja, nahama meza, namwita mwenye mgahawa pembeni, namwambia kwa sauti ya chini, namaliza chakula changu. Nikiona wadogo watatu ukutani saa saba mchana, sili. Nalipa nilichoagiza, namwita pembeni vile vile, na namuuliza amenunua nini hivi karibuni.