L200 kukataa 4H, taa za mbele zinawaka na kuzima

Mkuu, usikubali kushusha gia boksi kwanza. Umesema ni L200 (pikapu ya Mitsubishi) ya dizeli ile ya zamani, liva inaingia 4H (magurudumu yote manne yavute) vizuri, ila taa za magurudumu ya mbele kwenye dashibodi zinawaka na kuzima bila kutulia. Hapo transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) imeingia. Kinachogoma ni klachi ya difu ya mbele (inayounganisha ekseli ya mbele), na hiyo huvutwa na vakyumu (mvuto wa hewa), si umeme peke yake.

Breki kama bado ni nyepesi, pampu ya vakyumu (iko nyuma ya oltaneta) haina neno. Fuata mipira myembamba inayotoka kwenye solenoidi (vali za umeme zinazofungua vakyumu) hadi difu. Ikunje kwa vidole, hasa kwenye viungio: ikikauka hupasuka ufa mdogo sana, huuoni mpaka uukunje. Mpira wa mita moja ni hela ya soda tu.

Mipira ikiwa mizima, chomoa mpira pale kwenye kopo la difu (kikopo kinachovuta fimbo ya klachi), futa mdomo wa kopo, chomeka kipande kisafi cha mpira unyonye. Fimbo isogee na ibaki hapo. Ikirudi yenyewe, dayaframu (utando ulio ndani ya kopo) imetoboka. Ikibaki, rudi kwenye solenoidi: plagi zake huota kutu ya kijani, tope letu hili.

Fimbo ikisogea yenyewe ukiweka 4H na taa bado zinacheza, ni swichi ya kwenye difu au waya wake. Majaribio fanyia kwenye vumbi, lami kavu hapana.