Muulize Bibi Shamba: Pilipili mbuzi na baridi ya Leicester

*Shikamoo Bibi Shamba. Nina mipilipili mbuzi miwili kwenye vyungu nje ya mlango wa nyuma. Niliiotesha kwa mbegu za pilipili niliyoinunua sokoni hapa hapa Leicester. Imekaa miezi bila kunipa kitu, na sasa Septemba ndiyo kwanza inaiva. Mume wangu anasema tuile iishe, tung'oe, mwakani tupande upya. Jirani yangu Mjamaika anasema nikate vijiti nivioteshe dirishani. Mimi roho yangu inataka kuiingiza ndani mizima. Nyumba ni ndogo, watoto watatu, na redieta za kupasha nyumba joto zinawaka tangu asubuhi. Nimsikilize nani?*
Mama Watatu, Leicester

Marahaba, Mama Watatu. Nianze na baba watoto, maana yeye ndiye wa kumjibu haraka. Ingekuwa ni pilipili ndefu zile nyembamba, ningekuwa upande wake: zile unasia Machi na Agosti unachuma. Pilipili mbuzi ni ukoo mwingine. Mbegu yake inataka joto la nyuzi 27 hivi ili iote vizuri, na hata hapo inaweza kukuweka wiki mbili au tatu ukiangalia udongo mtupu. Ukishauhamishia mche chungu cha nje, subiri tena miezi mitatu, minne, kabla tunda halijawa jekundu. Kiangazi cha Uingereza hakina miezi ya kuchezea namna hiyo. Mpilipili uliovuka baridi ukiwa na mizizi yake unaanza kuchanua mapema mno kuliko mche wa mbegu, na hiyo ndiyo faida unayoitafuta.

Tena mpilipili si mmea wa msimu mmoja. Kwetu Tanga unaota nyuma ya jiko, unamwagiwa maji ya kuoshea mchele, kuku wanaparua chini yake, na mwaka baada ya mwaka watu wanachuma tu. Huko Leicester hauuawi na uzee. Unauawa na sakitu, ile baridi kali inayogandisha umande, usiku mmoja tu unatosha. Na ukishauokoa na sakitu, kuna adui wa pili ambaye watu wanamsahau: giza. Desemba jua lenu halikai angani hata kwa muda wa saa nane kwa siku, nalo liko chini na mawingu yamelifunika.

Hapo ndipo ugomvi wa kijiti na mti mzima unapoamuliwa. Mti mzima una akiba kwenye mizizi na shina, kwa hiyo unaweza kulala. Uweke mahali pa baridi kiasi, nyuzi 10 hadi 13, nao utaacha kukua na hautadai mwanga mwingi. Kijiti kilichokatwa juzi hakina akiba hiyo. Lazima kiendelee kuwa macho baridi yote, kitoe mizizi na majani, na kwa kazi hiyo kinataka joto na mwanga wa kutosha. Kwa hiyo usiniulize kwanza mmea, niambie una chumba gani.

Sebule yako yenye redieta ni mahali pabaya kwa mti mzima. Joto linauambia ukue, dirisha linauambia hakuna jua, nao unatoa matawi marefu, meupe, legelege, ambayo vidukari wanayapenda kupita kiasi. Tafuta penye baridi: chini ya ngazi karibu na dirisha, kibaraza cha mbele chenye vioo, chumba cha akiba ambacho redieta yake imefungwa. Mimi hapa Sheffield yangu inakaa kwenye chumba cha kaskazini ambacho wageni hawakipendi. Nunua kipimajoto cha bei rahisi ukiweke pale usiku. Kikishuka chini ya nyuzi 5, sogeza chungu.

Ukipata mahali hapo, chukua mpilipili wenye shina nene kati ya hiyo miwili. Usingoje sakitu. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10, chuma kila tunda, hata mabichi, yanafaa kwa achari. Kisha pogoa bila huruma: bakiza shina na panda zake za kwanza, urefu wa shubiri moja hivi, na vifundo viwili vitatu kwa kila tawi. Utoe kwenye chungu, kung'uta udongo wa zamani, kwa maana mayai ya wadudu yamo humo, punguza mizizi ya pembeni, na uupande kwenye chungu kidogo chenye udongo mpya. Lipanguse shina lote kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Vaa glavu, na watoto wasishike yale majani na matunda uliyokata kabla hawajalala. Macho ya mtoto na pilipili mbuzi ni kilio cha usiku kucha.

Baada ya hapo kazi yako kubwa ni kujizuia. Maji kidogo sana, pale tu udongo unapokauka hadi kidole kizima. Kwenye baridi hiyo ni kama mara moja kwa wiki mbili au tatu. Mbolea usiiguse. Majani yaliyobaki yatadondoka na utabaki na kijiti kikavu ndani ya chungu, na mume wako atakuuliza unamwagilia kuni za nini. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, mti u hai. Mwishoni mwa Februari uhamishie dirisha lenye jua, ongeza maji taratibu, na vichipukizi vikionekana ndipo uanze mbolea. Nje usiutoe moja kwa moja hadi mwishoni mwa Mei. Kabla ya hapo uzoeshe, mchana nje, usiku ndani.

Sasa jirani. Hakosei, ila vijiti avikate sasa hivi, Septemba, mmea ungali na nguvu. Vya Novemba huoza tu. Chagua ncha changa zisizo na maua, urefu wa kidole kirefu, kata chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini. Chomeka kwenye nyuzi za nazi zilizolowa, funika na mfuko wa plastiki, weka kwenye rafu iliyo karibu na redieta, si juu yake. Hapo ndipo nyumba yako yenye joto inaposaidia. Mizizi hutoka ndani ya wiki mbili hadi nne. Watu huweka kwenye glasi ya maji pia, na mizizi hutoka, lakini ni mizizi dhaifu inayogoma ikiingia udongoni.

Ila bila taa, usianze. Taa ya LED ya wati 20 ikiwaka saa 14 kwa siku inakula uniti kama 8 na nusu kwa mwezi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako kabla hujaenda dukani. Na chunguza upande wa chini wa majani, kwa sababu kijiti kinaacha wadudu wa udongoni lakini vidukari na magonjwa ya virusi kinakuja navyo. Mpilipili wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano usiuzalishe.

Kwa nyumba yako mimi ningelaza mmoja kwenye baridi na kukata vijiti vitatu vinne kwa huo wa pili, kisha huo wa pili muule mpaka sakitu iuchukue. Baba watoto naye atakuwa amepata haki yake.

*Bibi Shamba, niko Makete. Je, na sisi tupogoe na kuingiza ndani mwezi wa sita?*
Mkulima mdogo, Makete

Kupogoa hivyo hakuna haja. Nyinyi wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania mna sakitu lakini giza hamna. Hata Juni mchana wenu una urefu wa zaidi ya saa 11. Ulio kwenye ndoo uingize barazani usiku, utoe asubuhi. Ulio ardhini ufunike jioni kwa gunia juu ya vigingi, lisiguse majani, na ulifunue jua likipanda. Vijiti vya akiba kata Aprili, vitaota dirishani bila taa yoyote.