Mhadhiri anakata "na" zangu, za Hemingway anazisifia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko mwaka wa pili, nasoma fasihi chuo kimoja hapa Dodoma. Tumepewa hadithi fupi ya Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, inaitwa Cat in the Rain, ya mwaka 1925, kurasa chache tu, ila maneno yanajirudia yale yale na kuna sehemu ni na na na mpaka unachoka, mhadhiri anasema huo ndo ufundi. Nami nikapeleka hadithi yangu, sentensi ya kwanza "Aliamka na akanawa uso na akanywa chai na akatoka", nikarudishiwa kila "na" imezungushiwa duara jekundu. Au ukiwa na jina kubwa unasamehewa?

JIBU: Marhaba, pole na maduara. Jina halihusiki hapo, ngoja tuiangalie hiyo hadithi kwanza, na kwa ambao hawajaisoma ni hivi: mume na mke Wamarekani wako hotelini Italia, mvua inanyesha, mume anaitwa George kajilaza kitandani anasoma kitabu, mke (hana hata jina) anachungulia dirishani anaona paka kajikunyata chini ya meza huko nje asilowe, anamtaka, anashuka, hamkuti. Vituko ndo vimeishia hapo kwa sehemu kubwa, kwahiyo kazi yote wanaifanya maneno.

Mwanzoni kabisa kuna bahari. Wimbi linavunjika kwa mstari mrefu kwenye mvua, linarudi nyuma, halafu linakuja kuvunjika tena kwa mstari mrefu kwenye mvua. Sentensi inaishia palepale ilipoanzia. Hajakwambia hawa watu wamekwama, ila wewe msomaji umeshakwama nao.

Halafu anashuka chini anapita kwa mwenye hoteli, mzee mmoja hivi, na hapo "alimpenda" na "alipenda" zinaanza kumiminika, alipenda heshima yake, alipenda anavyotaka kumhudumia, alipenda uso wake mzito na mikono yake mikubwa. George hatajwi kabisa kwenye hiyo aya. Ila sekunde chache nyuma umetoka kumsikia George akimwambia mkewe asilowe, na mwenyewe hajanyanyuka kitandani! Kila "alipenda" inayoongezeka unajikuta unampima George, wakati mwandishi hajasema neno baya juu yake. Mi hii aya naipenda kuliko zote.

Sasa "na" zenyewe. Mke amerudi chumbani, anasema anataka nywele ndefu azifunge fundo kubwa nyuma, na paka wa kumpakata, na kula mezani kwa vijiko vyake mwenyewe vya fedha, na mishumaa, na iwe majira ya machipuko, na nguo mpya. Angalia vizuri hiyo orodha. Nguo unanunua, nywele unasubiri ziote, machipuko hakuna mume wa kukuletea. "Na" imevipanga vyote daraja moja kama vile vina uzito sawa. Ungetia "hasa" au "kwa sababu" hapo katikati ungekuwa umemlazimisha huyu mama ajue anachokililia, na yeye hajui, ndo maana hasemi. George anamwambia anyamaze atafute kitu asome. Baada ya hapo anachodai ni paka tu, nataka paka, nataka paka sasa hivi, ila huyo sio tena yule paka wa dirishani, kashabeba nywele na nyumba na kila kitu.

Na sio bahati tu. Hemingway alikutana na Gertrude Stein, mwandishi wa kike Mmarekani mwenzake, kule Paris mwaka 1922, na kwenye kumbukumbu zake za maisha ya Paris alikiri kwamba yule mama aligundua mambo ya kweli kuhusu mahadhi na kurudia maneno.

Tuje kwako. Kwenye "aliamka na akanawa na akanywa" ile -ka- imeshaunganisha tayari, "na" unayoongeza haina kazi, duara ni halali kabisa. Sema "Aliamka, akanawa uso, akanywa chai, akatoka" yaishe. "Na" zako zitunze mpaka mhusika wako azidiwe. Mfano mama mmoja kafika mwisho wa mwezi: "Nataka kodi ya nyumba na unga na viatu vya mtoto na nilale." Hiyo ya nne sio ya kundi la zile tatu, na msomaji ataishtukia bila wewe kumwonyesha.

SWALI: Kuanza sentensi na "Na" au "Lakini" ni kosa?

JIBU: Kwenye hadithi hapana, kwenye barua ya kuomba kazi usijaribu. Ila kwenye hadithi nayo ukianza nazo tatu mfululizo uwe na sababu, na sababu iwe ya mhusika, isiwe yako ya kukosa pa kuanzia.